Ugomvi Wangu na Mwami wa Serbia

Nina ugomvi na mwanamume aliyekufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Alikuwa kabaila wa Serbia, mwenye ngome juu ya mto, na mimi sikuwahi kumkosea kitu. Yeye ndiye aliyeanza. Aliingia saluni kwangu hapa Point, Durban, bila kubisha hodi, kupitia televisheni niliyoitundika ukutani ili wateja wasichoke wakati wa kusukwa. Akakaa humo tangu kabla ya Krismasi hadi baada ya Pasaka, na alipotoka alitoka na mdogo wangu.

Najua maneno haya yanavyosikika. Wateja wameshaniambia kwamba mtu mzima hachukuliwi na filamu. Kweli, hachukuliwi. Mdogo wangu ana ndevu, ana masomo ya sheria aliyoyaacha njiani vita vilipofunga chuo chake, na ana akili kunishinda. Lakini mtu anaweza kutamani jambo miaka mingi bila kuwa na maneno yake, mpaka siku atakapokutana na mwenye maneno. Na hapa mwenye maneno alikuwa mdogo wangu mwenyewe, kwa hiyo hata wa kumlaumu simpati vizuri. Ndiyo maana namlaumu marehemu.

Kwetu mashariki ya Kongo filamu ya kigeni haitazamwi hivi hivi. Lazima awepo mtu mwenye kipaza sauti anayeizungumza yote: wanaume, wanawake, hata farasi ikibidi. Sauti za wenyewe zinashushwa, yake inapandishwa. Na hatafsiri tu. Watu wa ndani ya kioo anawapa kwao. Mchina anakuwa mtu wa Goma, polisi wa Marekani anakuwa askari wa kizuizi cha barabarani anayeomba hela ya soda. Hadithi ikilegea, hasa wanawake wakianza kuzungumza ndani ya nyumba, mtafsiri anakohoa, anasalimia wasikilizaji wake, anasoma matangazo, mpaka panga litoke tena. Ndivyo kazi hiyo ilivyo, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika.

Mdogo wangu alikuwa na kipaji hicho. Siku za kazi alipakua makontena kwenye ghala moja kule Clairwood, na Jumamosi alijifungia chumba cha nyuma cha duka la simu lililo ukuta kwa ukuta na saluni yangu, godoro limeegemezwa mlangoni ili kelele za barabarani zisiingie, akatafsiri. Mwenye duka, mtu wa Lubumbashi asiyelala penye biashara, aliziuza filamu hizo kwenye flashi kwa Wakongomani wa Durban nzima. Kule ghalani msimamizi hakulijua hata jina la mdogo wangu. Alimwita kwa kupiga mluzi. Lakini siku moja tulikwenda sokoni Warwick kununua mihogo, yeye akauliza bei, na mchukuzi mmoja wa kutoka Bukavu akatua mzigo wake palepale katikati ya watu.

"Ni weye," alisema. "Minajua ile sauti. Weye njo Mwami."

Nilimtazama mdogo wangu usoni. Tangu tufike nchi hii sikuwahi kumwona amesimama wima namna ile.

Huyo Mwami ndiye kabaila wangu. Mwenye duka alikuwa ameishusha mtandaoni tamthilia ndefu ya Kiserbia yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Hakujua ni nini. Aliona farasi, panga na theluji, akaona biashara. Hadithi ilikuwa hivi: Sultani wa Waturuki ameshaivunja Serbia, na makabaila waliobaki wana njia mbili tu. Ama wainamishe kichwa, walipe kodi na kupeleka vijana wao kupigana vita vya Sultani, ama wavuke mto wakaombe hifadhi kwa mfalme wa Hungaria. Huyu wetu alizikataa zote mbili. Ngome yake ilipotekwa alipanda mlimani na watu wachache, akaanza vita vya kuvizia. Anaziba njia ya mlimani kwa magogo, anauvamia msafara wa nafaka, anachoma daraja, na kabla vumbi halijatua ameshapotea msituni. Jeshi zima linamtafuta bondeni, yeye yuko juu anakula jibini ya mbuzi.

Mdogo wangu alimwita Mwami, kama tunavyowaita watawala wa milima ya kwetu. Ngome ikawa lupango, ua wa nyumba kwetu. Askari wa Sultani wakawa "bale ba ng'ambo." Ile jibini, mdogo wangu alisema ni mukeke, samaki wa kukaushwa kutoka ziwani, na saluni nzima ikameza mate. Mwami alipoambiwa kwamba jeshi linakuja na mizinga, alicheka, akawaambia watu wake kwa sauti ya mdogo wangu: "Kilima haina mulango. Sasa bataingilia wapi?"

Maneno hayo yalienea Point yote. Kijana akisimamishwa na polisi akatoka salama, aliwaambia wenzake kilima haina mulango. Lifti ya jengo letu ilipokufa, kama kawaida yake, tulipanda ngazi tukiyasema. Hata mimi niliyasema, nayapenda hadi leo, na hilo linaniudhi zaidi.

Sijui ni lini mdogo wangu alianza kumwamini mtu aliyekuwa akimtafsiri. Najua tu kwamba asubuhi moja kule Clairwood kundi la watu lilisimama kwenye lango la ghala, likawarudisha wageni wote, likisema kazi ni za wenyeji. Msimamizi hakuwafukuza watu wale. Alimwambia mdogo wangu akae nyumbani mpaka mambo yapoe. Alirudi kwa miguu njia nzima, akaja kukaa kwenye kiti cha wateja saluni, akatazama televisheni iliyokuwa imezimwa.

Kwa miezi mingi binamu yetu aliyebaki nyumbani alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti. Binamu huyo ana kikundi cha vijana porini, juu ya kijiji tulichozaliwa. Wanasema wanalinda watu. Zamani mdogo wangu alizisikiliza jumbe hizo akitikisa kichwa. Baada ya siku ile ya langoni alianza kuzisikiliza akiwa ameweka simu sikioni, ili mimi nisisikie.

"Yaya," aliniambia jioni moja tukifunga saluni. Yaya kwetu ni dada mkubwa. "Nyuma ya Pasaka, miye minarudi."

"Kufanya nini?"

"Kukaa na bengine."

"Bengine wepi?"

Alishusha lile geti la chuma la saluni kwa mkono mmoja, kama kawaida yake, akalifunga kwa kufuli. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Alikuwa anakwenda kuwa Mwami.

Kwanza nilikwenda kwa pasta. Nilimweleza yote, nikamwomba aje aseme na mdogo wangu kwa sababu mimi maneno yangu ameyazoea. Pasta alikuja, akaketi, akanywa chai, akafungua Biblia na kumsomea habari za Daudi alipojificha pangoni akiwindwa na Mfalme Sauli, na jinsi wote waliokuwa katika dhiki walivyomwendea kule akawa jemadari wao. Nadhani alitaka kufika mahali ambapo Daudi anakataa kumuua adui yake. Hakufika. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kumuuliza maswali ya pango, lilikuwa upande gani, watu walikula nini, na macho yanamwaka. Walipoagana walikuwa marafiki wakubwa. Mimi niliosha vikombe kwa hasira mpaka kimoja kikakatika mkono.

Kisha nikaenda kwa mwenye duka la simu. Nilimwomba aache ile tamthilia, ampe mdogo wangu filamu nyingine, za mapenzi, za Kihindi, za chochote. Alinisikiliza kwa adabu huku akibandika kioo cha simu.

"Maman, batu banangoja," alisema. "Nikikata sasa, batavunja mulango yangu. Na weye pia, mais, unapata wateja juu ya ile Mwami. Ni uongo?"

Haikuwa uongo. Wanawake walikuwa wakija kusukwa siku ambayo sehemu mpya imetoka, wanachagua msuko mrefu makusudi.

Watu wa nyumbani niliowapigia simu walinijibu jibu moja: sikio la kufa halisikii dawa. Mama mkubwa alisema hivyo, shangazi akasema hivyo, jirani yangu wa ghorofa ya juu akasema hivyo akiwa amebeba ndoo ya maji. Mwanzoni lilinikera. Baadaye nikaanza kulishika, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kitu cha kunipumzisha. Kama hasikii, basi kosa ni la sikio. Siyo langu, siyo la maneno yangu.

Wakati huo alikuja mteja mmoja Mkenya, msichana anayesoma shahada ya juu ya historia hapa chuoni. Yeye husuka misuko midogo sana, ya kuanza asubuhi na kumaliza jua likienda kuzama, na Kiswahili chetu cha Kikongomani kinamchosha. Siku ile nilikuwa nimeweka sehemu mpya ya Mwami. Yeye hakumsikiliza mdogo wangu. Alikuwa akisoma yale maandishi ya Kiingereza.

Tulifika mahali ambapo Mwami ameshuka usiku katika kijiji kimoja cha bondeni, ameingia katika nyumba ya mawe, na mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani amesimama mbele yake. Mwanamke anazungumza kwa muda mrefu. Mwami anatazama chini. Mimi sikuwa nimeiangalia sehemu hiyo hata kidogo, maana hapo ndipo sauti ya mdogo wangu ilipokohoa na kusema: "Tunasalimiya batu bote ba Point, ba Warwick, na bale ba Clairwood banaamukaka mapema. Na kama kichwa yako inakusumbua, enda kwa saluni ya yaya wangu, pembeni ya duka ya simu. Anasukaka muzuri, na hana maneno mingi."

Wateja wote walicheka wakanitazama. Mkenya hakucheka.

"Kwani mbona huyo mama hatafsiriwi?" aliuliza.

"Anasema nini?"

"Anamwambia kijiji chao kimechomwa kwa sababu yake. Alivamia msafara, akarudi mlimani. Wanajeshi wakamtafuta, hawakumpata, wakaja kwao. Anamuuliza, wakati huo wewe ulikuwa wapi?"

Niliacha kusuka. Nilimwomba arudishe nyuma, asome tena polepole. Halafu nikamwomba arudishe sehemu zilizopita, nazo tukazitafuta zile nafasi ambazo mdogo wangu anasalimia watu. Kazi ilichukua mchana wote, mikono yangu ikiwa kichwani mwake na yake ikiwa kwenye rimoti. Kila mahali palikuwa vilevile. Mwami akishinda njiani, baada yake anaonyeshwa mwanamke yule katika kijiji kingine, analia, ananyoosha kidole, anafunga mizigo, na juu ya mdomo wake, mdogo wangu anatangaza chaja za simu, nyama choma, mahubiri ya Jumapili, na mimi.

"Na unajua huyo ni nani?" Mkenya aliniuliza. "Ni dada yake."

Katika tafsiri ya mdogo wangu alikuwa "maman moja ya kijiji."

Nilimuuliza kama mambo hayo yalitokea kweli. Alisema hajui habari za bwana huyu mmoja, filamu ni filamu. Lakini vita vya namna hiyo vilikuwepo, alisema, na waliopanda mlimani walibaki katika nyimbo. Waliobaki bondeni mara nyingi unawapata katika hesabu za kodi tu, kijiji fulani, mwaka fulani, hakina watu. Akaongeza ile methali ya tembo na nyasi. Nilimwambia nyasi ni afadhali, hazina watoto mgongoni. Kisha nikamalizia kichwa chake, nikimvuta zaidi ya inavyotakiwa.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, nilimpikia mdogo wangu sombe, kisamvu cha kwetu, na bugali, nikamwacha aketi, ndipo nikaanza. Nilimwambia kwamba najua sasa anachokiruka.

"Yaya, ile si kuruka," alisema. "Ni kazi. Batu hawapendi ile maneno ya bamama. Ukiisema, banazima."

"Bazime."

"Alors nitakula nini?"

"Nani anasema juu ya kula? Unarudi kule kupanda kilima, na hata hujatafsiri ile kitu batu ba chini banasema."

"Hapa miye ni nani, yaya?" Alisema bila kupandisha sauti. "Hapa banakupigia mluzi. Banakufukuza ku lango sawa kuku. Kule niko na kilima. Na kilima haina mulango."

"Lakini kijiji iko na mulango," nilisema. "Na ile mulango njo banavunjaka."

Ndipo nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Yeye alikuwa mdogo mno, hawezi kukumbuka. Baba yetu mdogo na wenzake walilipiga risasi gari la askari barabarani, chini ya kijiji chetu, kisha wakapanda mlimani wakiimba. Tuliwasikia wakiimba. Asubuhi askari walikuja, na kwa kuwa mlimani hawakuwaona watu, walianza na nyumba. Mimi nilikuwa binti wa darasa la sita. Mama aliniwekea mtoto mgongoni, akanisukuma kwenye shamba la mihogo, yeye akarudi kumchukua bibi. Hakutoka tena.

Nilimwambia hivi, na nayakumbuka maneno yangu kwa sababu yalinitoka kama yamekuwa yakingoja: "Weye hukumbuki. Bo balipiga risasi, bakapanda kilima. Shiye tulibaki na moshi. Ulianza kukohoa, na basoda balikuwa karibu. Nikakuziba kinywa na kitenge ya manjano, ile ya mama, nikakaza mpaka ukanyamaza, na sikujua kama umenyamaza ao umekufa. Ule mwenye kupanda kilima hasikiye batoto banakohoa."

Mdogo wangu alikuwa anakula. Alimega bugali, akachovya, akatafuna, akameza. Alimaliza sahani yote. Kisha akanawa mikono.

"Sombe iko muzuri, yaya," alisema.

Nilitamani kumpiga na sufuria. Sisemi kwa mfano. Niliishika kabisa mpini, ilikuwa bado ya moto, nikaiachia. Yeye aliniaga kwa heshima zote akashuka ngazi, na mimi nikabaki jikoni nikilia kwa hasira, maana huzuni ningeizoea, lakini hasira haina pa kuwekwa. Nilikuwa nimemtolea kitu cha mwisho nilichokuwa nacho, naye akasifu mboga.

Jumamosi alijifungia na godoro lake katika kile chumba cha nyuma. Nilimsikia kupitia ukutani akinguruma sauti za vita. Alimaliza tamthilia yote siku hiyo, mwenye duka akaniambia, mpaka sehemu ya mwisho. Mimi nilijidanganya. Nilijiambia kwamba Mwami akiisha, na tamaa itaisha.

Pasaka ikapita. Siku ya kazi, asubuhi, alikuja akasimama mlangoni pa saluni na begi moja begani. Basi la Johannesburg lilikuwa linamngoja, na kutoka kule angeendelea hadi Lusaka, na mbele zaidi. Nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa. Sikukiacha. Angeniona nikikiacha angejua kwamba ninaagana naye, na mimi sikutaka kuagana. Yeye ndiye aliyenijia, akagusanisha paji lake la uso na langu, kushoto, kulia, kushoto, kama desturi yetu, mikono yangu ikiwa bado imeshika nywele za watu.

"Enda," nilimwambia. "Sikio ya kufa haisikiye dawa."

"Nimesikia, yaya," alijibu.

Nilidhani ni ile "nimesikia" ya kila siku, ya mtoto anayeambiwa afunge mlango. Alitoka. Nilimwona kupitia kioo cha mbele akingoja robot, taa ya barabarani, iwe ya kijani ingawa barabara ilikuwa tupu, kisha akavuka.

Tangu hapo simu yake mara inaita, mara haiiti. Binamu alinitumia ujumbe mmoja kwamba amefika salama na watu wamempenda, wanamwomba kila jioni awasimulie filamu. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali, nikitafuta kama nyuma ya sauti ya binamu kuna mtu anayekohoa.

Sehemu ya mwisho mwenye duka aliichelewesha. Alisema mdogo wangu ndiye aliyemwomba asiitoe mpaka yeye awe amevuka mipaka yote. Alipoiachia saluni ilijaa. Wengine hawakuwa na nywele za kusuka hata kidogo, walikuja na vijiti vya nyama na watoto. Yule Mkenya naye alikuwepo, amekuja kufumua.

Ilikuwa theluji tupu. Jeshi la Sultani limezunguka mlima, watu wa Mwami wamebaki wachache, na kesho yake ni vita vya mwisho. Mwami anashuka bondeni kwa siri. Anaingia katika ile nyumba ya mawe, ambayo sasa haina paa, na dada yake yuko pale, kitambaa cheusi, amekaa juu ya gogo. Anainuka. Nikaona mdomo wake unafunguka, nikainamia kichwa cha mteja, nikingoja tangazo langu.

Tangazo halikuja, wala hakukohoa. Yule mwanamke alisema Kiserbia chake kwa sekunde kadhaa peke yake, na mtu mmoja nyuma akauliza kama flashi imeharibika. Kisha sauti ya mdogo wangu ikaingia. Siyo ile sauti nyembamba ya mzaha anayowafanyia wanawake wote. Ilikuwa ya chini, yake mwenyewe.

"Weye hukumbuki," mwanamke alisema. "Bo balipiga risasi, bakapanda kilima. Shiye tulibaki na moshi."

Nikainua uso. Alisema lote. Alisema kikohozi, alisema basoda walikuwa karibu, pale katikati ya theluji, kwa watu wenye mishale na panga. Alisema kitenge ya manjano, ile ya mama.

"Kitenge?" alisema mteja mmoja, akacheka kidogo. "Serbia iko kitenge?" Mkenya alikuwa akiyasoma maandishi ya chini, akanigeukia taratibu, na nikajua kwamba maandishi yanasema mambo mengine.

"Ule mwenye kupanda kilima," mwanamke alimaliza, "hasikiye batoto banakohoa."

Kwa mara ya kwanza Mwami hakutazama chini, alimtazama dada yake machoni.

"Nimesikia, yaya," alisema. Akachukua panga lake, akatoka, akapanda kilima.

Basi hata lile sikio la kufa nimenyang'anywa. Asiyesikia unaweza kumkasirikia, ukalala. Huyu alisikia kila neno akiwa na tonge mdomoni, akayabeba yote mpaka kwenye kipaza sauti bila kuangusha hata rangi ya kitenge, akayatamka vizuri kuliko nilivyoyatamka mimi. Kisha akafunga begi, akaenda. Mteja aliyekuwa kitini aliniambia, kwa upole, kwamba nimekaza mno, anaumia. Nikamwomba radhi, nikaufumua ule msuko, nikauanza tena.